Uzi: Mama yangu, punda anayeitwa Aksanti, na kanuni ya kilo 50

Binti wa Ngweshe (Bukavu):

Habari zenu wote. Juzi humu ndani kuna ndugu alimlalamikia shemeji yake akamalizia na "shukrani ya punda ni mateke". Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu langu litakuwa refu, ndiyo maana nafungua uzi. Sina ugomvi naye. Methali hiyo nami nimekua nayo. Ila kwetu kijijini yupo punda jike, na mama alimpa jina la Aksanti, ndivyo tunavyosema asante huku, kwa sababu ya methali hiyohiyo. Nikiisikia sasa siwezi kukaa kimya.

Mjue kwanza tunakotoka. Kijiji chetu kiko juu ya Nyangezi, upande wa Walungu, kusini ya Bukavu, huku Kongo. Gari linaishia chini. Kutoka pale unapanda kwa miguu, saa mbili ukiwa mikono mitupu, saa tatu na zaidi ukiwa na mzigo, kwenye udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni kuanzia Septemba mpaka Mei. Kinacholimwa juu lazima kishuke: muhogo, maharagwe, ndizi. Kinachotoka mjini lazima kipande: chumvi, mafuta, sabuni, mabati. Na tangu nimezaliwa, kinachoshusha na kupandisha vitu hivyo kwetu ni mgongo wa mwanamke.

Aliyewahi kufika Bukavu amewaona, kuzunguka soko la Kadutu na kule bandarini. Wameinama mpaka macho yanaona vidole vya miguu tu, kamba imeuzunguka mzigo ikapita kwenye paji la uso. Mama alianza akiwa na miaka 12. Akivua kitambaa utauona mfereji chini kidogo ya pale nywele zinapoanzia, kutoka upande huu hadi upande ule. Ngozi imebonyea, imekuwa laini, inang'aa. Nilipokuwa mdogo nilipenda kupitisha kidole mle ndani tukiwa tumekaa jikoni. Nilidhani kila mama huzaliwa nao.

Mzigo wake wa kawaida ulikuwa kilo 50. Siku za kudaiwa pesa za shule ilikuwa 60, na mara moja ninayoikumbuka, 70. Yeye mwenyewe ana kilo 52. Mimi nimesomeshwa na paji lile la uso.

Miaka minne iliyopita chama cha akina mama wa parokia yetu kilipata punda watano. Walinunuliwa Singida, Tanzania, wakafika Kigoma, wakavuka ziwa Tanganyika mpaka Uvira, kisha lori likawapandisha kupitia Kamanyola na mwinuko mkali wa Ngomo. Kijijini karibu wote walikuwa hawajawahi kumwona punda ila kwenye picha ya Yesu akiingia Yerusalemu. Watoto walikimbia wakipiga kelele "farasi! farasi!" Wazee walisimama mbali. Katekista wetu ndiye aliyesogea, akawaonyesha kwa fimbo: mstari mweusi kutoka shingoni mpaka mkiani, na mwingine unaoukata mabegani. Msalaba kamili. Akasema, "Muone, ni ile nyama ya Yezu," yaani mnyama aliyembeba Yesu. Tangu siku ile hakuna mtoto aliyethubutu kuwarushia jiwe, na naamini msalaba ule uliwaokoa miezi ya kwanza kuliko mafunzo yote.

Aliyewaleta alikuwa fundi wa punda, mzee wa Kitanzania, akakaa nasi siku tatu. Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya. Nilikuwepo. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye nyasi, yeye amesimama na daftari. Akasema punda wa kimo hiki ana kama kilo 150. Asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake, yaani mwisho kilo 50, na kwa mlima kama huu 40 ndiyo salama. Apumzike njiani, anywe maji, na kila wiki awe na siku asiyobeba kitu.

Pakawa kimya. Mama akanyoosha mkono.

"Papa, na mwanamuke, yeye anabebaka ngapi?"

Fundi alidhani hakuelewa Kiswahili chetu. Mama akarudia polepole. "Punda iko na kilo 150, anabeba 50. Miye niko na 52. Miye nibebe ngapi?"

Mzee yule alilitazama daftari lake kana kwamba jibu liko mle. Halikuwepo. Hesabu mwaifanya wenyewe: theluthi ya 52 ni 17.

Tuna methali nyingine, "punda afe, mzigo ufike". Kwetu ilisemwa vizazi na vizazi na watu ambao hata punda hawakuwa naye. Babu wa mama alichukuliwa kubebea jeshi la Wabelgiji mizigo kwenda vita vya Tabora, 1916. Walikuwa wapagazi zaidi ya laki mbili waliokusanywa Kongo kwa vita vile. Hakurudi. Mzigo sijui, pengine ulifika.

Nitaendelea jioni umeme ukirudi.

Mtu wa Kadutu:

Yaya, dada yangu, endelea tafadhali. Nakaa juu kidogo ya soko. Akina mama hao nawaona kila siku saa kumi na moja asubuhi na sikuwahi kujiuliza kilo. Jana baada ya kusoma nilimsaidia mmoja kutua mzigo. Sikuweza kuuinua peke yangu, na mimi ni kijana.

Swali: kwa nini huku hatukuwahi kuwa na punda? Majirani zetu wa mashariki wanao tangu zamani.

Daktari wa Kwato (Arusha):

Habari dada. Mimi ni daktari wa mifugo. Nimjibu huyo ndugu.

Punda ni mnyama wa Afrika. Alifugwa kwa mara ya kwanza upande huu wetu wa mashariki na kaskazini-mashariki ya bara, miaka kama 7,000 iliyopita, kutokana na punda mwitu wa nchi za ukame. Hata leo Ethiopia ndiyo yenye punda wengi kuliko nchi yoyote duniani. Kilichomzuia kuja kwenu ni mbung'o. Mabonde na misitu ya Kongo yamejaa mbung'o, nao wanaleta nagana, ugonjwa unaowamaliza farasi haraka na punda nao hawasalimiki. Milima yenu ya Kivu ina baridi, mbung'o hawaishi huko juu, lakini ili mnyama afike lazima avuke kulikojaa mbung'o. Na nadhani kuna sababu ya desturi pia: watu wenye ng'ombe wa maziwa na mahari hawamtazami mnyama kama wa kubeba.

Dada, neno moja la haraka kabla hujaendelea. Kwenu mvua ni nyingi. Manyoya ya punda hayakuumbwa kwa mvua. Maji yanapenya mpaka kwenye ngozi, tofauti na ng'ombe au farasi. Je, wana paa?

Binti wa Ngweshe:

Daktari, ungekuwa nasi mwaka ule.

Hawakuwa na paa. Tulikuwa na mtaalamu wa mifugo aliyepangiwa kutufuatilia, simtaji wala ofisi yake. Yeye alituambia punda ni kama ng'ombe, mfungeni nje, majani yapo, atakula. Tukamsikiliza kwa kuwa alikuwa na cheti na sisi hatuna. Fundi wa Singida alikuwa ametuambia wajengewe banda, lakini alikwisha kuondoka, na mabati ni ghali. Oktoba mvua ilishika wiki mbili mfululizo. Dume mmoja, aliyekuwa akifungwa pamoja na Aksanti, alianza kukohoa, kisha akaacha kula, kisha akalala. Alikufa usiku.

Kwa kuwa ilikuwa usiku hatukuweza kumwondoa. Aksanti alibaki naye. Mama alinisimulia kwamba alimnusa usoni, akamsukuma shingo kwa pua, akamkwaruza kwa ukwato, akasimama. Akarudia. Mpaka alfajiri. Kulipokucha akatoka mwenyewe pale, akaenda kusimama mlangoni kwa mama, ndani ya ua, mahali ambapo hakuwahi kufika. Mama alisema, "Alikuja kuniambia." Akamfungulia jikoni. Punda alilala jikoni kwetu siku tisa, karibu na moto, mpaka kaka yangu alipomaliza banda la miti na mabati manne. Mawili kati ya hayo yalitoka kwenye paa la choo chetu.

Hapo ndipo alipopewa jina. Jirani mmoja alimwambia mama, "Unamhangaikia hivi, si unajua shukrani ya punda?" Mama akamjibu kwamba tangu mnyama yule afike, shingo yake haijauma usiku hata siku moja. "Kwa hiyo aksanti ni ya kwangu, si ya yeye. Miye ndiye ninadaiwa." Akaanza kumwita hivyo. Kwetu Aksanti ni jina la watu, kuna wasichana wengi Bukavu wanaoitwa hivyo, na mmoja wao alikasirika. Mama alimwendea na ndizi, wakaelewana.

Daktari wa Kwato (Arusha):

Pole sana. Na niwapongeze kwa jambo mlilofanya bila kujua: kumwacha akae na mwenzake aliyekufa. Punda hufungamana wawili wawili. Ukimwondoa mmoja ghafla, aliyebaki hutafuta, hulia, huacha kula, na wapo wanaougua kabisa. Akiuona mwili na kuunusa huwa ni afadhali zaidi. Yule alipotoka mwenyewe alfajiri, alikuwa amekwisha kuelewa.

Msiwahi kumfuga mmoja peke yake. Nauliza pia kuhusu tumbo. Punda haonyeshi maumivu kama farasi. Farasi anagaagaa, punda anasimama tu, kichwa chini, watu wanasema amechoka au ni mkaidi, kumbe anakufa.

Binti wa Ngweshe:

Hilo nalo limetupata, na ndilo ninalolipenda kuliko yote katika hadithi hii, kwa hiyo mnivumilie.

Mwaka wa pili, kiangazi, Julai. Maji yalikuwa machache na mtu alimwaga maganda makavu ya muhogo karibu na banda. Aksanti akala mengi. Asubuhi mama akamkuta amesimama hivyohivyo daktari ulivyosema, kichwa chini, masikio yamelegea upande, hataki hata majani ya viazi vitamu ambayo angeyafuata mpaka kanisani. Mama alinipigia, nami nikampigia mzee wa Singida. Hakuuliza maswali mengi. Alisema: "Mwambie mama aweke sikio ubavuni, pande zote mbili, nyuma ya mbavu. Asikilize. Akisikia ngurumo, tumbo linafanya kazi. Akisikia kimya, mnyama yuko hatarini."

Mama akaweka sikio. Kimya.

Yalifuata masaa ambayo sikuwa karibu, nilikuwa mjini na simu tu. Mzee akielekeza, mimi nikipeleka kwa mama: mtembezeni polepole, mpumzisheni, mpeni maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, msimpe chakula. Muuguzi wa mifugo alipatikana jioni, kijana wa Nyangezi, akapanda kwa miguu na dawa ya kutuliza maumivu. Usiku wote mama alikuwa bandani. Kila baada ya muda alikuwa anaweka sikio ubavuni, kushoto, kisha kulia.

Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita. Niliogopa kuipokea. Nikasikia mama anacheka na kulia kwa pamoja: "Amekunya! Mwanangu, Aksanti amekunya!" Siku niliyopata diploma yangu mama alifurahi sana, lakini sauti ile sikuisikia siku ile.

Tangu hapo kila alfajiri kabla ya kumpakia, mama anavua kitambaa, anainama, anaegemeza kichwa ubavuni mwa punda na kusikiliza. Nimesimama mlangoni mara nyingi kutazama. Anafumba macho. Aksanti anageuza shingo, anaweka pua kwenye mgongo wa mama, anapumua. Pale sikio linapogusa ubavu, paji lenye mfereji nalo linagusa manyoya. Wanakaa hivyo muda wa Salamu Maria mbili au tatu. Siku moja nilimuuliza anasikia nini. "Tumbo yake inasema. Minasikilizaka kama imeamuka muzuri." Kisha anaenda upande wa pili, anasikiliza tena, ndipo anachukua tandiko.

Mshela wa Lamu:

Salaam dada. Nimesoma yote mpaka hapa na nimeita wenzangu barazani waje wasome. Huku kwetu mji wa kale njia ni nyembamba, gari haliingii, kila kitu kimeletwa na punda: mchanga, mawe ya matumbawe, saruji, jokofu, na hata mgonjwa. Na mimi nakuambia methali ile hainipendezi. Punda hapigi teke bila sababu. Mtazame aliyepigwa teke alikuwa akifanya nini.

Nikuulize kuhusu kupakia. Mnatumia shogi? Hii ni mifuko miwili mikubwa iliyoungana, inaning'inia huku na huku, uzito sawa pande zote. Chini yake lazima liwepo tandiko nene, na katikati yake uache njia, mzigo usikae juu ya uti wa mgongo hata kidogo. Ukiona manyoya meupe yameota mahali palipokuwa na rangi, hapo palikuwa na kidonda, na kidonda kilitokana na tandiko baya. Mwenye punda wa namna hiyo huku tunamsema.

Sisi tulipata bahati. Mwaka 1987 Lamu ilipata hospitali ya punda, iliwekwa na shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary, na matibabu yalikuwa bure. Babangu alikuwa akicheka ilipofunguliwa. Baadaye alikuwa wa kwanza kupeleka wake.

Binti wa Ngweshe:

Aksanti kaka wa Lamu. Neno "shogi" sikulijua, mama amelipenda, amelirudia mara tatu kwenye simu. Sisi tulikuwa tunasema "mifuko ya punda".

Mama alishona lake mwenyewe. Magunia mawili, ndani kajaza majani makavu ya mgomba yaliyopondwa, katikati ameacha bonde kama unavyosema. Hakufundishwa bonde lile. Fundi alionyesha kwa maneno tu na lugha ilipotea njiani. Mama anasema alijua kwa sababu mgongo wake mwenyewe ulimwambia mahali ambapo mzigo hautakiwi kukaa. Ile kamba yake ya zamani, ya paji la uso, ndiyo anayofungia. Ni kamba ileile.

Kibaoni (Singida):

Dada, punda wenu wametoka kwetu, basi sisi ni wakwe. Nafurahi kusikia wanapendwa huko, maana huku tumepita kipindi kibaya. Ngozi za punda zilikuwa zinatafutwa na wanunuzi, zinachemshwa kupata gundi ya kutengenezea dawa ya Kichina. Punda waliibwa usiku, asubuhi unakuta kichwa na kwato porini. Shangazi yangu aliibiwa wawili. Yeye alikuwa mchota maji, punda ndio walikuwa mikono yake. Alirudi kubeba ndoo kichwani na mwaka haukuisha akaanza kuumwa kiuno.

Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Karatasi ni nzuri. Lindeni wenu usiku.

Dada wa Uvira:

Yaya, naomba kuuliza jambo ambalo wanaume hawataliuliza. Punda ni wa akina mama mpaka leo? Huku kwetu walileta baiskeli za akina mama. Nenda leo ukatazame nani anaziendesha.

Binti wa Ngweshe:

Umegusa kidonda. Punda waliobaki ni wanne, na watatu sasa wanaendeshwa na wanaume. Kubeba kulipokuwa kunavunja shingo, ilikuwa kazi ya mwanamke na mwanamume kuonekana na kamba ile ilikuwa aibu. Mnyama alipofika na kubeba kukaanza kuleta faranga bila kuvunja shingo, wanaume wakasema hii ni kazi ya mwanamume. Naandika hili kwa uchungu kwa sababu mmoja wa hao watatu ni mjomba wangu, na ninampenda.

Na hawa waliwapakia kilo 80, 90. Wakifika kwenye barie za chini, vile vizuizi vya barabarani, wanatozwa kwa punda kama anavyotozwa mwenye pikipiki, basi wanaongeza gunia ili kufidia. Mnyama ndiye analipa kodi ile.

Mama hakugombana. Alishuka Nyangezi akanunua mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama, akaitundika kwenye mparachichi ulio kwenye njia panda, mahali ambapo kila punda lazima apite. Anakaa pale siku ya soko. "Kaka, tupime kwanza." Mwanzoni walimpita. Kisha akina mama wa chama wakaja kukaa naye, saba, kumi, wote na mifereji yao kwenye paji la uso, kimya. Wanaume wale wote wamezaliwa na kusomeshwa na migongo ile. Mjomba ndiye aliyesimama wa kwanza. Mzigo wake ulikuwa 84. Alishusha gunia moja, akalibeba mwenyewe mpaka chini, na tangu siku ile anapima.

Mtu wa Kadutu:

Na Februari 2025, vita vilipofika Bukavu? Nyangezi iko njiani kabisa.

Binti wa Ngweshe:

Sitaki kusema mengi. Waasi wa M23 walipoingia Bukavu watu wengi walishika njia ya Uvira, na kila chenye uwezo wa kubeba kilichukuliwa njiani na wenye silaha. Nilimpigia mama nikamwambia ashuke na wenzake waende. "Na Aksanti?" Nikasema, mama, mwache. Simu ikakatika, nikadhani ni mtandao. Baadaye aliniambia ni yeye aliyekata.

Alikaa naye ndani ya migomba, bondeni, siku nne. Punda akilia anasikika mlima wa pili, mnajua. Mama alikuwa na kikapu cha majani ya viazi vitamu, na kila Aksanti alipoinua kichwa na kuvuta pumzi ya kulia, anamwekea majani mdomoni na kumkumbatia pua. Usiku walilala wameegemeana kwa baridi. Punda mwingine, wa jirani, alilia siku ya pili. Hatukumwona tena. Kwa hiyo nilipoandika wanne nilikosea, ni watatu. Bado sijazoea kuhesabu hivyo.

Mshela wa Lamu:

Pole, dada. Mpe mama salamu za barazani kwetu. Tunataka kumtumia shogi la ukindu, tupe vipimo vya mgongo.

Na huyo Aksanti hajazaa bado? Punda jike wa umri huo huwa ana mtoto.

Binti wa Ngweshe:

Nilikuwa nimeificha habari hii niimalizie uzi. Ana mimba. Mtoto ni wa dume la mjomba. Mama amehesabu kwa mafundo kwenye kamba, yuko mwezi wa kumi.

Daktari wa Kwato (Arusha):

Hongereni! Miezi 12 kwa kawaida, wengine hukawia mpaka 13 hata 14, msiogope. Mara nyingi atazaa usiku. Na tafadhali sana: miezi hii ya mwisho asibebe.

Binti wa Ngweshe:

Habebi, daktari. Mama aliacha kumpakia tangu mimba ilipofika mwezi wa nane, hakusubiri kuambiwa.

Ila muhogo lazima ushuke. Jumamosi iliyopita nilikwenda kijijini na mabati mawili ya kupanua banda, nikakutana nao njiani, karibu na mparachichi. Mama yuko mbele, ameinama, kamba iko kwenye paji la uso, mahali pake pa zamani. Nilishtuka, nikaweka mabati chini, nikaanza kumgombeza. Miaka minne, mama, na umerudi kwenye kamba?

Hakunijibu. Alitua mzigo, akautundika kwenye mizani, akaniita nisome.

Kilo 17.

Nyuma yake Aksanti alikuwa amesimama, tumbo kubwa, hana tandiko wala kamba shingoni. Anamfuata mpaka sokoni na kurudi kila safari, kwa sababu hataki kuachwa peke yake bandani. Mama alivua kitambaa akajifuta jasho, akaenda kuweka sikio ubavuni, kushoto, kisha kulia. Upande wa kulia alikaa muda mrefu. Akanishika mkono akaniwekea pale, nikasikia kitu kinasukuma.

Kaka wa Lamu, vipimo nitavichukua Jumamosi hii.